Hedifoni ya Mninga: Namna ya Kuitengeneza Ukiwa Mpanda

Kitanda kikishakamilika na mlango ukishapakiwa kwenye bajaji, chini ya meza ya seremala wa Mpanda hubaki vipande vya mninga vyenye urefu wa kiganja. Vingi huishia jikoni. Kipande chenye unene wa sentimita nne na upana wa sentimita tisa kila upande kinatoa kikombe kimoja cha hedifoni, na viwili vilivyokatwa kwenye ubao mmoja vinatoa jozi nzima. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili yako mwenye hedifoni ya waya iliyopasuka plastiki, iliyobambuka mito, au isiyokuridhisha kwa sauti, nawe unaishi Mpanda, Inyonga, Karema au kwingine mkoani Katavi, ambako seremala yuko jirani na duka la vipuri liko Kariakoo.

Kazi yenyewe si ngeni duniani. Grado, karakana ya familia iliyoanzishwa Brooklyn mwaka 1953, imeuza kwa miaka mingi hedifoni zenye vikombe vya mahogani. Denon ya Japani ilitumia mahogani kwenye AH-D5000 yake, na Fostex wakatengeneza TH900 kwa mti wa Kijapani uliopakwa laka ya asili ya nchi hiyo. Meze wa Romania wanatumia mti wa jozi (walnut) kwenye 99 Classics, na wameiunganisha kwa skrubu ili kila kipande kiweze kubadilishwa. Kando ya viwanda hivyo wapo mafundi binafsi wanaonunua hedifoni za kawaida, wakatoa plastiki na kuweka mti. Katika miti yote niliyoitaja sioni hata mmoja unaoushinda mninga wetu kwa kutulia. Tunachokosa ni mazoea ya kuutumia kwa vitu vidogo.

Kabla hujaenda kwa seremala, elewa jambo moja, kwa sababu wengi hupoteza fedha hapa: mti wenyewe si kitu kinachobadilisha sauti kuliko vyote. Kinachobadilisha zaidi ni mito ya masikio. Spika ya hedifoni ni ndogo, nyingi zina upana wa milimita 40, na sauti nzito hujengeka pale tu hewa iliyo kati ya spika na sikio inapofungiwa vizuri. Mto ukiwa na ufa, au ukikaa juu ya fremu ya miwani, besi hukimbia na hakuna mti utakaoirudisha. Baada ya mito hufuata ukubwa na umbo la nafasi iliyo nyuma ya spika, kisha matundu ya hewa, kisha sufu au pamba iliyowekwa ndani. Aina ya mti huja mwisho. Mti hutoa ukuta mzito usiotetema ovyo kama plastiki nyembamba, na hutoa kifaa kitakachoishi miaka mingi. Hayo ni mambo makubwa, lakini mtu akikuahidi kwamba mninga peke yake utafanya besi ishuke, usimsikilize.

Kwa hiyo anza na mito. Ibane hedifoni kwa mikono miwili kichwani huku muziki ukipiga. Besi ikiongezeka sana, mito yako inavujisha hewa na hilo ndilo la kurekebisha kwanza. Mito ya kununua huagizwa kwa kipimo cha upana wa nje, kwa hiyo pima kwa rula bamba ambalo mto huvikwa, si mto wenyewe uliokwisha kulegea. Ya ngozi bandia hufunga hewa vizuri na kuleta besi, ila kwa joto la Oktoba hapa kwetu hutoa jasho na baada ya muda hubambuka magamba meusi. Ya kitambaa laini hupoza sikio lakini huachia hewa, na sauti huwa nyepesi. Mimi ningechagua ile iliyochanganya: ngozi bandia pembeni, kitambaa upande unaogusa uso. Ukikosa ya kununua, mafundi wanaoshona viti vya bodaboda wana ngozi bandia, nyuzi imara na mkono uliozoea kona. Ila usikubali wakuwekee sponji ya kiti. Tafuta sponji laini ambayo ukiibonyeza hurudi taratibu, kwa sababu ngumu haiwezi kufuata mashimo yaliyo nyuma ya taya.

Sasa kagua hedifoni unayotaka kuivika mti. Inayofaa kwa kazi ya kwanza ni ya waya, yenye vikombe vya duara, na inayofunguka kwa skrubu. Skrubu nyingi hujificha chini ya mito au chini ya kibandiko chenye herufi ya upande. Zenye bluetooth ziache kwanza, kwa sababu ndani zina betri ya lithiamu na bodi ya saketi inayotegemea vishikizo vya plastiki, na kosa moja la joto karibu na betri linaweza kuleta moto. Mzee Sony MDR-7506, ambayo imekuwa ikitumika studio tangu mwaka 1991, na Koss Porta Pro ya mwaka 1984 bado hupatikana zikiwa zimetumika, na vipuri vyake vinauzwa hadi leo. Lakini hata ile isiyo na jina uliyonunua stendi inaweza kufaa, mradi spika zote mbili ziwe nzima. Zipime kwa mita ya fundi simu. Nyingi husoma karibu omu 32, za studio mara nyingi hupita 60. Namba yenyewe haina shida. La muhimu ni kwamba kushoto na kulia zifanane. Upande usiosoma kitu una koili iliyokatika au waya uliokatika, na ni vyema kujua ni kipi kabla mti haujakatwa.

Ukifungua, piga picha kila hatua kwa simu yako. Utaona bamba la plastiki lililobeba spika, na nyuma yake kikombe. Ushauri wangu ni huu: bamba hilo liache lilivyo, pamoja na mashimo yake madogo na karatasi nyeupe zilizobandikwa juu yake. Waliolitengeneza walipima mashimo hayo ili spika ipumue kwa kiasi fulani. Wewe badilisha kikombe cha nyuma tu. Pima kwa kalipa upana wa bamba, kina cha kikombe cha zamani kwa ndani, mahali skrubu zinapoingia, na mahali mkono wa ukanda wa kichwani unaposhika. Kama kuna kitundu kidogo kwenye kikombe cha zamani, kiandike pia na ukubwa wake.

Halafu mti. Katavi imekaa ndani ya ukanda wa miombo, na seremala atakutajia mninga, mkora, mkurungu, mtundu, na pengine mpingo. Mninga ndio ninaoupendekeza bila kusita. Hukauka bila kujikunja sana, na ukishakauka hauchezi kwa urahisi msimu unapobadilika. Mita moja ya ujazo ya mninga mkavu ina uzito wa kama kilo 640, wakati mpingo hupita kilo 1,200. Tofauti hiyo utaisikia shingoni. Kikombe chenye upana wa milimita 80, kina cha nje cha milimita 30, na kuta na kitako vya milimita 6, kikiwa cha mninga kina karibu gramu 40. Kikiwa cha mpingo karibu 80. Jozi ya mpingo inaongeza gramu 160 kichwani kabla hujaweka spika, mito wala ukanda, na hedifoni nzima ikipita gramu 350 mtu huanza kuivua kila baada ya nusu saa. Mpingo una heshima yake: ndio mti wa klarineti duniani kote, na viwanda kama Buffet Crampon vya Ufaransa vinautegemea. Kwa hedifoni, uutumie kwa pete nyembamba ya urembo.

Chagua kipande chenye rangi ya kahawia tupu, cha moyo wa mti. Ile sehemu nyeupe ya nje ya mninga hupendwa na wadudu watoboao mbao, nao wakishaingia huacha unga mweupe ndani ya hedifoni yako. Epuka pia kipande chenye kiini cha katikati kabisa ya gogo, maana hapo ndipo nyufa huanzia. Vikombe viwili vitoke ubao mmoja, ikiwezekana vikiwa vimepakana, ili uzito na nyuzi zifanane.

Ukavu ni jambo la kulisimamia mwenyewe. Mbao zinazouzwa mjini mara nyingi zina maji kuliko muuzaji anavyokiri, na kikombe kilichokerezwa kwenye mbao mbichi hugeuka yai ndani ya wiki chache: bamba la spika halikai tena, hewa inavuja. Kata vipande kwa ukubwa unaozidi kidogo, paka ncha zake nta au rangi ili visipasuke, viweke ndani ya nyumba mahali penye hewa pasipo jua, na uvipime kila wiki kwa mizani ya jikoni. Andika gramu kwa penseli juu ya kipande chenyewe. Uzito ukikaa palepale kwa wiki tatu mfululizo, mti umelingana na hewa ya nyumba na unaweza kukerezwa. Kiangazi chetu, Mei hadi Oktoba, ndicho kipindi kizuri cha kukausha.

Mafundi wanaokereza miguu ya vitanda na nguzo za ngazi wana mashine unayoihitaji. Kwao kikombe ni kitu kidogo ajabu, kwa hiyo nenda na mchoro wenye vipimo vyote, na ile plastiki ya zamani kama mfano. Mwombe abandike kipande chako kwenye ubao wa kushikia kwa gundi ya mbao, na kati yake aweke karatasi ya gazeti. Gundi hushika vya kutosha wakati wa kukereza, na kazi ikiisha patasi moja kwenye mstari wa karatasi inatenganisha bila kuharibu. Akereze ndani kwanza, kisha nje. Mdomo wa kikombe uwe na kidaraja cha kukalia bamba, kina chake sawa na unene wa bamba, na kipenyo kizidi kwa nusu milimita tu. Zaidi ya hapo utalazimika kujaza.

Pasipo mashine ya kukereza, njia ipo: chukua ubao wa milimita 10, kata pete kwa msumeno wa duara unaofungwa kwenye drili, zibandike pete mbili au tatu moja juu ya nyingine na kufunika kwa kitako. Zungusha kila pete ili nyuzi zisielekee upande mmoja, zibane kwa jiliwa usiku kucha, halafu sawazisha kwa tupa na msasa. Inachukua muda mrefu zaidi, ila matokeo yake ni imara.

Vaa barakoa muda wote huo, na usimwache mtoto acheze karibu. Vumbi la mninga huwafanya watu wengine wapige chafya na kubanwa kifua, na la mpingo huwasha ngozi. Spika ziwe chumba kingine kabisa. Sumaku zake huvuta chembe za chuma kutoka kwenye tupa na drili, na chembe moja ikiingia kwenye nafasi ya koili utaisikia ikikwaruza kwa maisha yote ya spika hiyo.

Msasa upande kwa utaratibu: namba 120, 220, kisha 400. Baada ya 220 pitisha kitambaa chenye maji kidogo, acha kikauke ili nyuzi zilizolala zisimame, halafu 400 izikate. Sasa tumia kitu ambacho Katavi inacho kwa wingi kuliko mikoa mingi: nta. Wafugaji nyuki wa Mlele na vijiji vya Inyonga wakishakamua asali hubaki na masega, na nta yake ikichemshwa majini na kuchujwa kwa kitambaa inatoka njano safi. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, kwa hiyo iweke kwenye kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe isiwe juu ya moto wenyewe. Changanya sehemu moja ya nta na sehemu tatu au nne za mafuta ya kitani yanayouzwa maduka ya rangi. Usitumie alizeti ya kupikia, haikauki vizuri na baadaye hunuka. Mninga una utomvu unaochelewesha mafuta kukauka, kwa hiyo ufute kwanza kwa spiriti.

Paka nje na ndani ya kikombe pia. Wengi hupaka nje tu kwa kuwa ndiko kunakoonekana. Mti uliozibwa upande mmoja hunywa unyevu kwa upande mwingine, na mvua za Desemba zikija unajikunja. Rudia mara tatu, siku mbilimbili kati ya kila mkono, na ung'arishe kwa kitambaa cha pamba. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje na kuvitupa kwenye kapu: hujipasha joto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vitandaze nje hadi vikauke au uviloweke majini.

Kazi ya nyaya ipeleke kwa fundi simu kama hujawahi kulehemu, ila ukae pale. Waya wa hedifoni una nyuzi nyembamba zilizopakwa rangi: nyekundu ni ya kulia, ya kijani au bluu ni ya kushoto, na zenye rangi ya shaba ni za pamoja. Rangi hiyo ni laka inayozuia umeme, na lazima iunguzwe kwa ncha ya moto yenye risasi ya kulehemu kabla ya kuungwa, la sivyo kiungo kitashika leo na kuachia kesho. Kwenye mguu wa spika, ncha isikae zaidi ya sekunde mbili au tatu, maana plastiki inayoushika huyeyuka. Risasi ni sumu. Fungua dirisha, na nawa mikono kabla ya kula.

Huu ndio wakati wa kuweka tundu la jeki ya milimita 3.5 kwenye kikombe cha kushoto, ili waya uchomoke. Waya ndio unaokufa kwanza katika hedifoni nyingi, na wenye jeki hubadilishwa kwa dakika moja bila fundi. Ukuta wa milimita 6 ni mnene mno kwa nati ya jeki, kwa hiyo mwombe seremala achimbe kwa ndani hadi zibaki milimita 2 au 3 mahali hapo. Toboa kwanza, paka nta palipotobolewa, kisha funga.

Ukishaunganisha, kabla ya kukaza skrubu, piga sauti ya mtu anayezungumza, taarifa ya habari kwa mfano. Sauti ikikaa katikati ya kichwa, nyaya ziko sawa. Ikitawanyika pembeni na kuwa tupu, upande mmoja umegeuzwa; badilisha nyaya zake mbili.

Hapo unaingia kwenye sehemu ninayoipenda zaidi, ya kuisikiliza hedifoni na kuirekebisha. Kikombe kipya kina nafasi tofauti na cha zamani, na sauti itakuwa imesogea. Ukiisikia kama mtu anaongea ndani ya debe, mawimbi ya nyuma yanagonga kitako na kurudi: weka duara la sufu au pamba ya mto wa kulalia kitakoni, kidogo, sikiliza, ongeza. Ukizidisha, muziki unapoteza uhai. Besi ikiwa nzito na ya kuvimba, toboa kitundu cha milimita moja kwenye ubavu wa kikombe na usikilize tena. Ukikuta besi imekuwa nyembamba, kizibe kwa kipande cha plasta ya kidonda na ukitoboe kwa sindano. Kila badiliko lifanyike pande zote mbili, kwa kiasi kilekile, na kwa wimbo uleule unaoujua vizuri. Chagua wenye ngoma, gitaa la besi na sauti ya mwimbaji. Kwaya yenye sauti nne ni kipimo kizuri sana, kwa sababu sauti ya pili na ya tatu zikichanganyika unajua katikati hapajakaa sawa. Fanya leo, lala, sikiliza kesho. Sikio lililochoka linadanganya.

Kuhusu sheria, hata kipande kidogo kina asili yake. Nunua kwenye karakana yenye stakabadhi, na uulize mbao zilitoka wapi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka mazao ya misitu yavunwe na kusafirishwa kwa kibali, na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ndio wanaosimamia. Ukitaka kuuza nje ya nchi, waone kwanza. Mkataba wa CITES, wa biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, umeweka jamii nzima ya mpingo kwenye Kiambatisho cha Pili tangu mwaka 2017, mkurungu ukafuata 2019, na mkutano wa Panama wa Novemba 2022 ukaongeza mininga na mikora yote ya Afrika. Maana yake si kwamba biashara imekatazwa, bali mzigo unaoangukia chini ya masharti hayo unahitaji karatasi. Mnunuzi wa mbali akikuambia karatasi si lazima, jibu lako litoke TFS, si kwake.

Na kama unatengeneza ili kuuza hapahapa, kwa prodyuza, kwa fundi mitambo wa kanisani, kwa mtangazaji, andika kwa penseli ndani ya kikombe aina ya mti, mwezi, mwaka na omu za spika. Kisha usiiuze jozi ya kwanza kabla haijapitiwa na masika. Uliyoimaliza Agosti ifungue Februari, weka rula juu ya mdomo wa kikombe, na uangalie kama mwanga unapita chini yake. Usipopita, iuze na umwambie mnunuzi umeikagua.